Mama alirudishwa kaunta siku ya msiba, na Desemba tunasafiri tena

Shikamoo Mama,

Naandika usiku, watoto wamelala, kwa sababu mchana siwezi kuisimulia habari hii bila koo kunikaba.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nakaa Umoja hapa Nairobi. Mama yangu ana miaka 71. Ni mtu wa Mombasa, ila tangu baba afariki anakaa nami. Mwezi wa Aprili dada yake mkubwa alifariki alfajiri. Sisi ni Waislamu na maziko hayangoji. Tukaambiwa atazikwa baada ya Alasiri. Treni ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka, na gari la barabarani lisingewahi. Nikamkatia mama tikiti ya ndege kwa simu nikiwa kazini, kisha nikampigia: "Mama, kitambulisho unacho?" Akanijibu, "Ninacho mwanangu, kiko mkobani." Nikamtumia teksi.

Kaunta wakamwambia kile si kitambulisho. Ilikuwa kopi. Mama aliipiga miaka mingi iliyopita akaitia plastiki ili ile ya asili isipotee, na ile ya asili ilikuwa nyumbani chini ya kasha, imefungwa ndani ya leso. Mama alilia mbele za watu. Akapanda basi la usiku, akafika asubuhi, dada yake keshalala kaburini.

Kaka yangu mkubwa hajanisemesha tangu matanga. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba nimemnyima mama kumuaga dada yake kwa uvivu wa kuangalia karatasi.

Sasa mdogo wangu anaolewa Dar es Salaam tarehe 19 Desemba 2026. Tutakwenda kwa ndege watu wanne: mimi, mama, binti yangu wa miaka 9, na kijana wa kaka yangu wa miaka 17 ambaye bibi yake amemlea. Kaka ametuma ujumbe kupitia kwa mkewe kwamba nisimhangaishe mama na mambo ya pasipoti, kitambulisho kinatosha, Tanzania nayo ni Afrika Mashariki. Na kweli jirani yangu alikwenda Kampala kwa kitambulisho tu. Mama ana pasipoti aliyoitoa Februari 2017 alipokwenda Umra, imeandikwa mwisho wake ni Februari 2027. Ila pasipoti ina jina la baba yake, na kitambulisho kina jina la mumewe. Mimi na binti yangu tuna pasipoti zetu. Baba yake binti tuliachana kwa wema, yuko Qatar. Kijana hana kitu ila cheti cha kuzaliwa, na atatimiza miaka 18 mwezi wa Novemba.

Mama mwenyewe anasema hakanyagi tena uwanja wa ndege. Nifanyeje, Mama? Sitaki kumwaibisha mara ya pili.

Mwana wa Mama, Umoja

Marahaba, mwanangu.

Kwanza mfikishie mama pole yangu. Dada mkubwa ni mama wa pili, na kufika kaburi likiwa limeshafukiwa ni uchungu ambao mtu haulizwi umepoa lini. Nawe pole. Umebeba lawama miezi yote hii peke yako.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa miaka 11 nyuma ya kaunta ya kuripoti abiria, kwa hiyo acha nikuambie kilichotokea upande ule. Safari za ndani, iwe Mombasa, Kisumu, Eldoret, Malindi au Lamu, mtu mzima huonyesha kitambulisho chake cha taifa chenyewe, au pasipoti yenyewe. Mtoto huonyesha cheti cha kuzaliwa. Kopi haipokelewi kwa sababu kopi yeyote aweza kuipiga, akabandika picha ya mtu mwingine. Aliyemrudisha mama yako hakuwa na ruhusa ya kufanya vinginevyo. Angeweza kumweka pembeni akasema naye kwa sauti ya chini, na kama hakufanya hivyo alikosa, maana mzee haambiwi mbele ya foleni.

Lakini sikiliza hili. Mama yako alisema kweli. Ulimuuliza unacho, akakujibu ninacho, kwa kuwa kile kipande cha plastiki ndicho anachokitoa mkobani kila bawabu wa jengo la mjini akimwambia aache jina mlangoni. Kwake hicho ndicho kitambulisho. Kile kingine ni amana, kinakaa ndani ya leso chini ya kasha. Hukuwa mvivu, uliuliza kwa simu jambo linalotaka macho, tena siku ya msiba, ukiwa kazini. Kaka yako amekuonea, na akitaka kusoma haya na asome. Neno lako kuanzia leo, kwa mama na kwa kila mtu utakayemkatia tikiti, liwe "nionyeshe". Usiulize tena kama anacho.

Ninalisema kwa uchungu kwa sababu uko uso mmoja nisiousahau. Alikuja mzee mmoja asubuhi, kanzu imepigwa pasi, tikiti mkononi. Mwanawe alikuwa amemkatia kwa intaneti, na mahali pa jina la kwanza akaandika Hajji, kwa sababu ndivyo nyumba nzima wanavyomwita. Pasipoti yake haikuwa na neno hilo popote. Ilikuwa safari ya nje, jina zima ni tofauti, muda wa kurekebisha haupo. Nikamwambia hawezi kupanda. Hakugomba. Aliikunja ile tikiti mara mbili, akaikunja tena, akaitia mfuko wa kanzu, akaniuliza choo kiko wapi. Mwanawe alimpenda, na alimwandika kwa jina la mapenzi.

Sasa tuje kwenye safari yenu.

Kaka yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapotosha wengi. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, na tangu 2014 raia wao huvukiana kwa kitambulisho cha taifa. Ndiyo maana jirani yako alifika Kampala. Tanzania haikuingia katika mapatano hayo, ingawa sote tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkenya haombi viza ya kuingia Tanzania, lakini pasipoti lazima, au ile hati ya muda ya kusafiria ndani ya Afrika Mashariki ambayo Idara ya Uhamiaji hutoa. Mkienda na vitambulisho hamtafika hata kwa ofisa wa uhamiaji, mtarudishwa kaunta. Kompyuta ya kaunta ina masharti ya kila nchi, na shirika likimbeba mtu asiyetimiza hupigwa faini na kumrudisha alikotoka kwa gharama yake. Kwa hiyo yule kijana wa kaunta hatakubali kusihiwa, hata umlilie.

Pasipoti ya mama ndiyo iliyonishtua. Tarehe iliyoandikwa ndani yake isikutulize. Kenya ilianza kutoa pasipoti za elektroniki baadaye mwaka huo huo wa 2017, na zile za zamani zikasongezewa muda mara kadhaa mpaka zikafungwa tarehe 30 Novemba 2022. Ya mama ni ya Februari 2017. Itazame jalada: pasipoti ya elektroniki ina alama ndogo ya dhahabu, mstatili wenye duara katikati. Kama haina, basi hiyo ni kumbukumbu ya Umra, haimvushi mpaka. Na hata ingekuwa hai isingetosha, kwa maana Tanzania, kama nchi nyingi, inataka pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele, na kutoka Desemba hadi Februari ni miezi miwili tu.

Kwa hiyo mama aombe mpya, na aanze wiki hii. Maombi yanajazwa kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na ada inalipwa humo humo. Kisha yeye mwenyewe afike ofisi za Uhamiaji Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, apigwe picha na achukuliwe alama za vidole. Achukue kitambulisho cha asili (kile cha kwenye leso!), pasipoti ya zamani, cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha ndoa. Hicho cha ndoa ndicho kinachoeleza kwa nini jina limetoka kwa baba likaenda kwa mume. Mwombee jina lile lile la kitambulisho, ili kuanzia hapo awe na jina moja kila mahali. Soma kila herufi kabla ya kutuma: nimeona Rehema wa kitambulisho akiwa Rehma kwenye cheti, na herufi moja ikala mwezi mzima. Wale watakaokufuata njiani wakidai wana mtu wao ndani, usiwape karatasi wala senti. Na usimpeleke mama saa sita ya mchana akasimama kwenye jua. Nendeni asubuhi, amekunywa chai.

Tikiti ya mama usiikate kwanza. Najua Desemba bei zinapanda kila siku, na moyo utakuambia ukate mapema. Subiri pasipoti iwe mkononi, kisha uifungue ukurasa wa picha, ushuke chini kabisa kwenye ile mistari miwili iliyojaa alama za <<<. Kila mstari una nafasi 44, na mistari hiyo ndiyo isomwayo na mashine. Katika majina, la ukoo ndilo linaloanza, yanafuata mengine. Nakili kutoka hapo hadi kwenye tikiti, bila Hajjati, bila Mama, bila Bi. Herufi moja ikikosewa, mashirika mengi huirekebisha ukiwaambia mapema. Jina zima likikosewa, mara nyingi ni tikiti mpya.

Kuna kitu hukukitaja, nacho huwakwamisha watu ambao pasipoti zao hazina doa: kitabu cha manjano. Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, basi msichanjwe wiki ya harusi. Wewe, binti na kijana nendeni Novemba mwanzoni kwenye kituo kilichoidhinishwa. Mama mwache kwanza. Alikwenda Umra, na Saudia nayo hudai chanjo hiyo kwa wanaotoka Kenya, kwa hiyo kitabu chake bila shaka kimo ndani ya kasha lile lile. Hata kama kimeandikwa miaka 10, tangu Julai 2016 cheti hicho kinahesabiwa cha maisha. Kwa kuwa kitakuwa na jina lake la zamani, asafiri nacho pamoja na pasipoti ya zamani na cheti cha ndoa, ili anayeuliza aone ni mtu mmoja. Kisipopatikana, usimkimbize kuchanjwa. Kwa aliyepita miaka 60 chanjo hii hutakiwa kupimwa na daktari kwanza, na daktari akiona haimfai humwandikia cheti cha kumsamehe, kinachotambulika mipakani. Hili nakusihi usilifanye kwa haraka.

Binti yako hana shida kubwa. Angalia pasipoti yake ina miezi 6 mbele, maana za watoto husahaulika. Kwa kuwa anasafiri na mzazi mmoja, ofisa wa uhamiaji ana haki ya kuuliza baba yuko wapi, na huuliza kwa ajili ya kulinda watoto wasiibwe. Mwombe baba yake barua ya ridhaa yenye tarehe za safari, jina lako na nambari ya pasipoti ya mtoto, pamoja na kopi ya pasipoti yake. Anaweza kuitilia sahihi mbele ya ubalozi wetu Doha. Wewe beba cheti cha kuzaliwa cha asili chenye jina lako kama mama, hasa kama jina lako na la mtoto hayafanani. Mmeachana kwa wema, basi barua hiyo haitakuwa ngumu. Iombe sasa, usingoje wiki ya mwisho.

Kijana, sasa. Huyu ndiye nilimfikiria zaidi.

Leo ana miaka 17, ni mtoto mbele ya sheria, na pasipoti yake inaombwa kwa cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi pamoja na ridhaa yao. Akishafikisha 18 mlango huo unafungwa: ataambiwa alete kitambulisho chake kwanza, na kitambulisho cha kwanza kina foleni yake na wiki zake za kungoja. Kuanza Novemba ni kumwacha nyuma. Kwa hiyo aombewe sasa hivi, akiwa bado 17. Na mzazi ndiye wa kusaini na kwenda naye. Wewe ni shangazi, sahihi yako haitoshi.

Unaona ninakoelekea. Itabidi uzungumze na kaka yako.

Usimtumie mkewe, na usimtumie ujumbe wa simu. Nenda kwake jioni na cheti cha kijana mkononi, kaa, useme: kaka, kijana wako hataona harusi ya shangazi yake kama husaini hii kabla ya Novemba. Anza na hilo, kwa sababu ni jambo lake na lina tarehe. Akishashika kalamu, mweleze habari ya kopi na kasha. Nina hakika haijui. Yeye aliona mama aliyekosa maziko na dada aliyekata tikiti. Hakuiona ile leso. Ukifika mahali pa kusema "niliuliza kwa simu, nikakosa kuona kwa macho", sema bila kujitetea. Kisha mwombe jambo moja zaidi: siku ya Nyayo House aje na gari, awapeleke mama na kijana pamoja, maana wote wawili wana kazi dirisha lile lile. Mwana wa kiume akimshika mkono mama yake kwenye ngazi, hasira yake itapata pa kwenda.

Tumalizie na mama. Hataki uwanja wa ndege, na usimlazimishe kwa hoja. Msaidie aone kwamba safari hii karatasi ni zake na anazijua. Jumamosi moja mwambie alete kasha, mketi mkekani, afungue leso mwenyewe. Akuonyeshe kimoja kimoja: kitambulisho, cheti cha ndoa, kitabu cha manjano, pasipoti ya Umra. Acha asimulie kila karatasi ilipatikanaje. Wazee wetu wanazitunza kuliko sisi, ni sisi tusiowauliza. Mshonee kimfuko cha kuvaa shingoni, na pasipoti mpya ikitoka ikae humo, mwilini mwake, wala usiibebe wewe. Aliyerudishwa kwa kukosa karatasi atajisikia mtu mwingine akiitoa ya kwake kwa mkono wake.

Wakati wa kukata tikiti yake, omba huduma ya kiti cha magurudumu. Hailipiwi, na hata kama anatembea vizuri, anayemsukuma atampitisha kila dawati, hatasimama foleni ndefu. Fikeni muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Mwambie mapema kwamba kabla ya kufika jengoni huenda mkashushwa garini, mpite kwenye mashine ya ukaguzi na kurudi garini, ili asidhani amerudishwa tena. Tikiti za kurudi ziwe mkononi, na anwani ya nyumba ya harusi iandikwe kwenye karatasi, kwani Dar wataiuliza na simu huishiwa moto.

Mkifika kaunta, mwache yeye atangulie.

Nisalimie bibi harusi. Na mama yako akifungua ile leso, mwambie nimeuliza ni ya rangi gani.